Bibi katupa almasi baharini! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Hebu nikuulize swali, msomaji wangu, na tafadhali usikurupuke kunijibu. Unaishi na bibi yako nyumba moja miaka nenda rudi. Unampikia uji, unamfulia, unamtafutia miwani kila anapoisahau. Ana miaka mia na ushee. Usiku mmoja anaamka, anatoka peku na gauni lake la kulalia, anakwenda mpaka ukingoni mwa maji, anafungua kiganja na kuachia kito ambacho bei yake ingejenga hospitali na shule ya bweni na chenji ikabaki. Kisha anarudi kulala kama mtu aliyetoka kumwaga maji ya vyombo. Hajakuaga. Wala hakuwahi kukwambia kwamba kitu hicho kipo ndani ya nyumba.

Ungefanyaje?

Walioiona sinema ya Titanic wanajua namsema nani. Kwa ambao hawakuiona (najua mpo, msijifiche), kisa kwa kifupi ni hiki. Binti wa kitajiri anayeitwa Rose yumo melini na mchumba wake Cal, mwenye pesa na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Cal kamvisha mkufu wenye almasi ya buluu ya karati 56, wanaiita Moyo wa Bahari, na inasemekana iliwahi kuwa ya Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa. Rose naye moyo wake umekwenda kwa kijana kapuku mchora picha, Jack. Meli inagonga barafu usiku wa Aprili 14, 1912 na kuzama alfajiri ya tarehe 15, watu wapatao 1,500 wanakufa. Katika hekaheka zile Cal anaitumbukiza almasi kwenye mfuko wa koti lake, halafu kwa kujisahau anamvika Rose koti lile lile. Rose anaokoka, Jack anakufa kwa baridi majini, na almasi inafika New York mfukoni.

Miaka 84 baadaye bwana mmoja mtafuta mali, Brock Lovett, anaisaka almasi hiyo chini ya bahari kwa mitambo ya bei mbaya. Anamwita ajuza Rose aje amsimulie. Ajuza anakuja na mjukuu wake, anasimulia weee mpaka mabaharia wanatoa machozi, na muda wote huo kitu anacho yeye! Usiku anapanda kwenye reli za nyuma ya meli, anakitosa.

Sinema ilitoka Desemba 1997, mwaka uliofuata ikazoa tuzo 11 za Oscar, na huku kwetu ikaingia kwa mikanda ya video. Mimi niliiona mara ya kwanza Kasulu mjini mwaka 1999. Nilikuwa nimefuatana na shemeji yangu aliyekuwa akinunua maharage, na kule nyanda za juu za Kigoma jioni ni baridi, hakuna cha kufanya zaidi ya kunywa kahawa au kuingia kwenye kibanda cha video. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja juu ya meza na jenereta linalonguruma nje. Sinema ni ndefu, inazidi saa tatu, kwa hiyo ilikuja kwa mikanda miwili. Mwenye kibanda, mjanja yule, akatoza kiingilio mara mbili: cha kupanda meli na cha kuzama.

Usidhani watu walikwenda pale kwa ajili ya mabusu. MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, miaka mitatu tu nyuma, na mamia ya watu waliokufa walikuwa bado midomoni mwa kila mtu. Meli ilipoanza kuinuka mkia, kibanda kizima kilinyamaza. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alijifunika kanga usoni na hakuifunua mpaka maji yalipotulia. Kijana aliyekuwa anatafsiri, amesimama pembeni ya runinga na kifimbo chake, mara Kiswahili mara Kiha, naye akaacha kutafsiri. Hapakuwa na cha kutafsiri.

Basi watu wakiwa bado na makamasi, anatokea bibi na almasi yake. Akafungua mkono. Chubwi!

Ndugu yangu, kile kibanda kililipuka. "Ana wazimu huyo!" "Mkamateni!" Kijana mmoja alirusha gunzi la mahindi kwenye runinga, mwenye kibanda akamtoa nje kwa ukosi wa shati. Waliokuwa wanalilia watu 1,500 sasa wanalilia jiwe, na nawaambia kweli, kilio cha jiwe kilikuwa na sauti kubwa zaidi. Sikuwashangaa. Wengi wao walikuwa wamemaliza siku wakibeba magunia ya maharage, na wanajua kwa vidole vyao gunia lina kilo ngapi na kilo ni shilingi ngapi. Mtu kama huyo ukimwonyesha mali inakwenda na maji, mwili wake unaruka kabla ya akili.

Tukatoka nje kwenye kahawa, na hapo ndipo kesi ilipoanza. Palikuwa na mzee mmoja, mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo, mtu wa koti na kofia. Akasema tusipige kelele, tuanze na mwenye mali. Mkufu ule ni zawadi ya uchumba. Hapa Buha, akasema, mahari tangu zamani ilikuwa ng'ombe na majembe, na binti akikataa kuolewa, wazee wa upande wake wanarudisha. Hawabaki na ng'ombe wa watu eti kwa kuwa binti kapenda kwingine. Kwa hiyo mkufu ni wa Cal, na Rose ameukalia miaka 84. Bibi huyu ana kesi mbili, akahukumu mzee: ya kukaa na mali ya mtu na ya kuiharibu.

Vijana wakashangilia. Lakini alikuwepo mwalimu mmoja, mtu mwembamba mwenye kusikiliza kila neno la sinema, akamkatiza kwa adabu. "Shikamoo mzee. Mbona wamesema mle ndani kwamba baba yake Cal alikwishalipwa na bima kwa siri?" Kweli bwana, imo. Lovett anaeleza hivyo kabisa. Na bima ikishalipa kitu kilichopotea, kikipatikana ni mali ya nani? Mzee wa baraza akavuta kofia. Kimya. Kisha akasema polepole, "Basi katupa mali ya bima." Mmoja kutoka nyuma akadakia kwamba kama ni ya bima, watupe na nyingine. Kicheko kilichopigwa hapo nadhani kilisikika mpaka Kabanga.

Mimi katika kesi ile niliondoka upande wa vijana. Niliona yule bibi ni mbinafsi. Lakini baada ya miezi kadhaa nikaiona tena Kibondo, na huko kulikuwa na watazamaji wa aina nyingine.

Nilisema Kibondo, lakini hasa ilikuwa gulioni karibu na kambi ya Kanembwa, ambayo enzi hizo ilihesabiwa wilaya ya Kibondo, kabla ya wilaya ya Kakonko kuzaliwa mwaka 2012. Miaka ile wilaya hizi mbili zilikuwa zimejaa wakimbizi. Warundi walimiminika baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na Wakongo wakafuata vita vya 1996, ndipo Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Kibanda kilikuwa cha turubai, tumebanana kama dagaa kwenye kapu, na nusu ya watazamaji ni akina mama wa Kirundi waliofika gulioni na mizigo yao.

Nikajiandaa kwa kelele. Bibi akapanda kwenye reli, akafungua kiganja, almasi ikazama. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja kando yangu akatoa sauti ndogo ya koo, ile ya mtu anayeafiki jambo, basi.

Ilinikera, nikamfuata kwenye biashara yake ya dagaa nikamuuliza. Akanitazama kama natafuta kununua. Nikanunua. Akaniambia alivuka mpaka na mtoto mgongoni, blanketi moja, na bangili za shaba za mama yake zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Bangili zilikuwa tano. Nne zikawa unga, moja moja, wiki za kwanza kabla mgao haujatulia. Ya tano hii hapa, akakunja mkono wa blauzi kunionyesha. "Nne niliziuza kwa sababu ya njaa, baba. Yule bibi naye si alifika ugenini bila kitu? Kama alilala njaa na hakuuza, basi ile haikuwa pesa tena. Sasa mnamlilia nini?"

Nimekaa na maneno ya mama yule miaka mingi, na kila nikiitazama sinema ile naona ana haki kuliko mzee wa baraza na mwalimu wake. Hebu pigeni hesabu nami. Rose anafika New York mwaka 1912, kigoli wa miaka 17, hana mtu, hana senti, jina kalibadilisha kujiita Dawson, la marehemu. Mfukoni ana kitu ambacho Lovett anasema leo kingepita hata ile almasi ya Hope. (Hope ni ya kweli, karati 45.52, ilitokana na jiwe la wafalme wa Ufaransa lililoibwa 1792, na iko Washington tangu 1958, mwenye duka Harry Winston alipoitoa kwa jumba la makumbusho na kuituma kwa posta ya rejista kama barua ya ada ya shule!) Angeuza siku ile ile. Hakuuza. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, matajiri wakafilisika, na Cal mwenyewe, kwa mujibu wa kisa, akajipiga risasi. Cal amekufa, hakuna wa kumdai. Bado hakuuza. Akaolewa, akalea watoto, akazeeka anafinyanga vyungu.

Kwa hiyo kitendo cha kutupa hakikufanyika usiku ule kwenye meli. Kilifanyika kila mwezi kwa miaka 84, kila alipohitaji kodi ya nyumba na akaacha kufungua kile kiboksi. Tulichopigia kelele Kasulu kilikuwa mazishi tu. Marehemu alikwishakufa zamani. Na ukiniuliza kwa nini hakuuza, mimi nasema hivi: kito cha namna ile hakiuziki kimyakimya. Sonara wa kwanza angeuliza umekipata wapi, wa pili angeita magazeti, na wiki haijaisha mama yake na mchumba wake wangekuwa mlangoni. Angepata pesa na kurudi kuwa binti yule yule aliyetaka kujirusha baharini kabla Jack hajamshika mkono. Bei ya almasi ile ilikuwa yeye mwenyewe.

Najua kuna atakayeniambia, wewe mwandishi umeshiba, ndiyo maana. Hapana. Nchi hii inajua mawe. Pale Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, Oktoba 1947 lilitoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Angalieni uzito huo, unakaribiana kabisa na ule wa kwenye sinema. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Lilichongwa likabaki karati 23.6, likatiwa katikati ya ua la kubandika kifuani. Kwa mchimbaji wa Shinyanga aliyelisogeza kwa koleo, jiwe lile lilikwenda mbali sawasawa na kama lingetupwa Atlantiki, na sijasikia kibanda cha video kikimrushia Williamson magunzi. Alionekana muungwana.

Upande wa pili yupo Saniniu Laizer wa Mererani. Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, Rais Magufuli akampigia simu hadharani kumpongeza, na mwenyewe akasema atachinja ng'ombe na kujenga shule kijijini kwake. Hiyo ndiyo sinema tuliyotaka kuiona Kasulu, na hata mimi nilipiga makofi. Lakini Laizer alilichimba jiwe lile kama mali, tangu siku ya kwanza ni mali, hakuna marehemu ndani yake. Huwezi kumwekea Rose kipimo hicho.

Na sisi watu wa Kigoma tuna kutupa kwetu kwa aina yake, ambako hakuna anayekuita wazimu. Meli ya Liemba Wajerumani waliileta vipande vipande ikiitwa Graf von Götzen. Julai 26, 1916, adui akikaribia, wakaizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, ila kwanza wakaipaka mitambo grisi kila mahali. Kwa nini grisi? Kwa sababu walitarajia kurudi. Hawakurudi; Waingereza wakaiibua 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, ikapiga safari za abiria kwa miongo mingi. Tazama tofauti. Anayetupa huku anaacha mlango wazi hupaka grisi. Bibi Rose hakupaka.

Hadi hapo niko naye. Ninapomwacha ni kwa mjukuu.

Watu wengi hata hawamkumbuki yule mjukuu, Lizzy, kwa kuwa hana mapenzi wala hazami. Lakini ndiye aliyebeba mizigo ya bibi, ndiye anayemshika mkono anaposhuka kwenye helikopta, ndiye anayemuuliza kama amechoka. Mali ya bima, mali ya Cal, yote hayo tuyaache kwa mzee wa baraza. Ila kule kwetu mzee hawezi kuondoka na siri kubwa kiasi hicho bila kumwita mmoja pembeni. Si lazima amrithishe. Anaweza kumwambia, "Mjukuu wangu, nina kitu hiki, na kesho sitakuwa nacho, kaa hapa nikueleze kwa nini." Halafu akitosa, wametosa wawili. Mjukuu atakasirika, ndiyo. Atalia usiku kucha, ndiyo. Lakini atakuwa na kisa cha kuwapa wanawe. Rose aliwasimulia mabaharia wasiomjua kila kitu, na mjukuu akasikia pamoja nao kama abiria mwingine, tena bila ile sehemu ya mwisho.

Cha kuchekesha ni kwamba Cameron mwenyewe nadhani alilihisi jambo hilo. Alipiga mwisho mwingine, akaukata, ukaja kuonekana kwenye diski zilizotolewa 2005. Humo Lizzy na Lovett wanamfumania bibi kwenye reli. Lovett anaomba walau aishike. Anaishika, jamani, miaka mitatu anaitafuta, iko mkononi mwake! Kisha bibi anaichukua na kuitosa mbele yao, na Lovett anaishia kucheka. Wajuzi wa sinema wanasema mwisho ule ni mbaya, unapiga soga mno, na labda kweli. Mimi kama mtu wa familia naupenda. Angalau mjukuu kaona kwa macho.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo, wewe lete lako. Nikikuta bibi yangu yuko ukingoni na kiganja chake, sitamrukia. Nitamuuliza kilikuwa cha nani, na kama jina atakalolitaja silijui, nitakaa chini niambiwe. Kisha nitamwomba nikishike kidogo, kama Lovett, maana na mimi ni binadamu. Kisha akitose.

Ila namwomba jambo moja tu, akichagua maji asichague Malagarasi. Pale ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu hawangengoja alfajiri. Wangeshuka na neti za dagaa, ndoo, vikapu na taa za karabai, na kabla jogoo hajawika mto ungekuwa umehamishiwa upande wa pili wa barabara.